Urefu wa fokasi kwanza: kuchagua darubini ndogo ya lenzi ya kusafiri nayo

Mtu anayetaka kununua darubini yake ya kwanza ya kutazamia nyota huuliza swali moja dukani: inakuza mara ngapi? Makatoni yenyewe yamezoea kulijibu kwa tarakimu kubwa, mara 300, mara 450, na kando yake kuna picha ya Zohali ambayo haikupigwa kwa chombo kilichomo ndani. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo linalowapotezea wengi fedha na hamu. Darubini haina ukuzaji wake yenyewe. Ukuzaji hutokana na lenzi ndogo inayochomekwa upande wa jicho, nayo unaweza kuibadili upendavyo. Mambo yasiyobadilika tangu kiwandani ni mawili: kipenyo cha lenzi ya mbele, na urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hiyo hadi pale ambapo mwanga wa nyota hukutana ukawa nukta. Kuhusu kipenyo, ushauri ni mwingi na kila mtu anao. Kuhusu urefu wa fokasi mnunuzi haambiwi lolote, ilhali kwa darubini ndogo ya kubeba hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kingine: upana wa anga utakaouona, rangi za uongo zitakazouzunguka Mwezi, aina ya stendi, lenzi za jicho utakazohitaji, na hata kama chombo kitasafiri nawe au kitabaki nyumbani.

Nianze na safari, kwa sababu mimi naishi Dar es Salaam, ambako unyevu wa bahari na taa za barabarani vimezificha nyota zote isipokuwa zile angavu, na anga ninalolipenda liko Dodoma na vijiji vyake katika miezi ya kiangazi. Katika darubini ya lenzi mwanga husafiri moja kwa moja bila kukunjwa, kwa hiyo urefu wa bomba hukaribiana na urefu wa fokasi, ukitoa sentimita chache ambazo mwanga huzimalizia ndani ya kioo cha pembe kilicho nyuma, kile kinachougeuza mwanga kuelekea jicho. Darubini ya fokasi ya milimita 400 huingia kwenye begi la mgongoni pamoja na nguo, na katika treni ya SGR unaiweka rafu ya juu ya kiti chako bila kumbughudhi abiria mwenzio. Ya milimita 600 inataka begi lake yenyewe. Ya milimita 900 ni mzigo mrefu kama mtoto mdogo, na stendi ya kuibeba bila kutikisika nayo ni mzigo wa pili. Uzito wa bomba si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba bomba refu hutikiswa na upepo mdogo tu, na kila ukigusa nobu ya kufokasi picha inacheza kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia.

Jambo la pili ni upana wa anga, na hapa hesabu ni rahisi kiasi kwamba kila mnunuzi anapaswa kuifanya mwenyewe. Lenzi nyingi za jicho zina shina la inchi 1.25, na shina hilo haliwezi kupitisha picha pana kuliko takriban milimita 27. Ukigawanya 1,550 kwa urefu wa fokasi kwa milimita, unapata upana mkubwa kabisa wa anga, kwa nyuzi, ambao darubini hiyo itaweza kukuonyesha kwa shina hilo. Fokasi ya 400 inakupa karibu nyuzi 3.9, ya 600 inakupa 2.6, na ya 900 inakupa 1.7. Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi, kwa hiyo anayeutazama Mwezi pekee haoni tofauti yoyote. Lakini chukua Kilimia, kile ambacho wazee wa pwani walikisomea majira wakasema kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nyota zake angavu zimeenea zaidi ya nyuzi moja, na kundi zima linakaribia nyuzi 2. Katika darubini ya fokasi ya 400 yenye lenzi ya jicho ya milimita 25, Kilimia kinakaa katikati ya duara, nyota za bluu zikiwa zimezungukwa na weusi pande zote, na weusi huo ndio unaoonyesha kuwa hilo ni kundi. Katika darubini ya 900 yenye lenzi ya milimita 20 inayokuja nayo kwenye katoni, upana ni kama nyuzi 1.1 tu, unaona nyota kadhaa zilizotawanyika, na mgeni unayemwonyesha anakuuliza Kilimia chenyewe kiko wapi.

Sisi tulio kusini kidogo ya ikweta tuna sababu ya ziada ya kupenda fokasi fupi, kwa kuwa sehemu kubwa ya hazina zetu ni pana. Nebula ya Eta Carinae, wingu la gesi linalong'aa, inayopanda upande wa kusini nyakati za jioni kuanzia Machi hadi Mei, ina upana wa karibu nyuzi 2. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani ya yetu, ambalo kutoka Dar es Salaam halipandi zaidi ya nyuzi 28 hivi juu ya upeo wa kusini, ni pana kuliko darubini yoyote inavyoweza kulimeza kwa mara moja, na raha yake ni kutembea ndani yake polepole kwa ukuzaji mdogo. Ukiongeza mkia wa kundinyota la Nge, ambako Njia Nyeupe ina mafungu ya nyota yaliyopakana, utaona kwamba mwenye fokasi fupi katika kijiji chenye giza ana kazi ya usiku kucha bila kubadili lenzi ya jicho hata mara moja. Omega Centauri, fungu la mamilioni ya nyota linaloonekana kwa macho matupu kama nyota yenye ukungu, ni dogo zaidi, lakini kwa ukuzaji wa mara 40 tayari linajaza nafasi na kuonyesha chembechembe kwenye kingo zake.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya haiwezi kulitilia mkazo, kwa sababu huko halipo. Hapa sayari hupita juu sana. Mwaka 2019 mtu wa London alimtazama Mshtarii akiwa nyuzi 16 tu juu ya upeo hata alipofika kilele chake, ndani ya hewa nzito inayochemka. Siku hizohizo sisi tulimwona karibu na utosi, ambapo hewa ni nyembamba na picha imetulia. Hiyo ni neema. Lakini darubini ndefu ikielekezwa utosini, mwisho wake wa nyuma hushuka chini na kugonga miguu ya stendi, na jicho lako linapaswa kushuka nalo. Bomba la milimita 900 lililoshikwa katikati hushusha lenzi ya jicho karibu sentimita 45 kati ya upeo na utosi, na lile la 400 hushusha chini ya nusu ya hapo. Kongwa nilimwona mzee mmoja wa heshima akilazimika kupiga magoti vumbini ili amwone Mshtarii kwa darubini ndefu ya mwalimu jirani yake. Akasema kwa utaratibu, «Mwanangu, nyota iko juu, mbona mimi nimekuwa chini hivi?» Mwalimu alirefusha miguu ya stendi hadi mwisho, na hapo chombo kizima kikaanza kuyumba. Kwa sababu hiyohiyo, ukinunua darubini ya safari iliyokuja na kioo cha pembe cha nyuzi 45, ambacho hunyoosha picha kwa ajili ya kutazama ndege na wanyama mchana, panga mapema kununua cha nyuzi 90. Shingo haiwezi kuvumilia kile cha 45 unapotazama utosini.

Mpaka hapa inaonekana kama fokasi fupi inashinda kila upande. Haishindi, na sababu kubwa ni rangi.

Kipande kimoja cha glasi hakipindi rangi zote sawasawa. Bluu hukutana karibu na lenzi, nyekundu hukutana mbali zaidi, na picha huzungukwa na ukungu wa rangi. Wanaastronomia wa karne ya 17 walijua dawa moja tu, kurefusha fokasi, na waliirefusha kwa ujasiri wa ajabu: Johannes Hevelius wa Danzig, mji unaoitwa Gdańsk leo, katika miaka ya 1670 alijenga darubini yenye urefu wa takriban mita 46, ikining'inia kwa kamba kwenye mlingoti. Mwaka 1758 John Dollond wa London alipata hataza ya lenzi ya vipande viwili, glasi ya kraun na glasi ya flinti, ambapo kimoja hurekebisha kosa la kingine. Lenzi hiyo ndiyo iliyomo hadi leo katika darubini nyingi za bei nafuu. Inaleta nyekundu na bluu pamoja, lakini urujuani unabaki nje, na ndio ule ukungu wa zambarau unaouona ukingoni mwa Mwezi au kumzunguka Zuhura.

Ukungu huo unategemea kipenyo na fokasi kwa pamoja, na ipo kanuni ya zamani ambayo wapenzi wa nyota bado wanaitumia. Chukua kipenyo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha zidisha kwa 0.12, jibu ni urefu wa fokasi ambao kuanzia hapo rangi haisumbui tena. Kwa kipenyo cha milimita 60 unapata kama 430. Kwa 70 unapata kama 590. Kwa 80 unapata kama 770, na kwa 100 unafika 1,200, urefu ambao si wa kusafiri nao tena. Tazama jinsi inavyopanda: kipenyo kikiongezeka kidogo, fokasi inayohitajika inaruka. Ndiyo maana nasema mtu achague kwanza fokasi anayoweza kuibeba, halafu akubali kipenyo ambacho fokasi hiyo inaweza kukistahimili, badala ya kukimbilia kipenyo kikubwa ndani ya bomba fupi. Celestron Travel Scope 70, yenye kipenyo cha 70 na fokasi ya 400, iko chini ya kipimo hicho, na Sky-Watcher Startravel 80, yenye 80 kwa 400, iko chini zaidi. Hizo si darubini mbaya. Ni darubini za ukuzaji mdogo. Kwa mara 16 au 20, ukitazama mafungu ya nyota na nebula, ambazo mwanga wake ni hafifu mno kuonyesha zambarau, zinafanya kazi nzuri kuliko ndugu zao warefu. Ukizilazimisha kwenda mara 100 kwa Mshtarii, zambarau inafunika mikanda yake.

Mwenye darubini kama hizo anaweza kujisaidia bila gharama. Kata karatasi ngumu nyeusi yenye tundu la duara la milimita 50 katikati, iweke mbele ya lenzi, na ghafla una darubini ya 50 kwa 400, ambayo kwa kanuni ile inahitaji fokasi ya 300 tu. Mwanga unapungua sana, lakini Mwezi na Zuhura wana mwanga wa kutosha na ziada, na ukingo wa Mwezi unakuwa safi. Makava ya baadhi ya darubini yana kifuniko kidogo katikati kwa kazi hiyohiyo, na wenyewe hawakijui.

Njia ya pili ni kulipa. Darubini zenye herufi ED hutumia glasi ya pekee inayotawanya rangi kidogo, na kwazo kanuni ya 0.12 haina nguvu tena: Sky-Watcher Evostar 72ED ina fokasi ya 420 na hubaki safi katika ukuzaji ambao 80 kwa 400 ya kawaida imekwisha kushindwa. Bei yake hupanda sana, na ongezeko hilo la bei ndilo gharama halisi ya kutaka bomba fupi, upana na usafi wa rangi kwa pamoja.

Rangi siyo adhabu pekee ya fokasi fupi. Ukigawanya fokasi kwa kipenyo unapata uwiano wa fokasi: 400 kwa 80 ni 5, 700 kwa 70 ni 10. Nafasi ambayo ndani yake picha inahesabika kuwa imefokasi hukua kwa mraba wa uwiano huo. Kwa uwiano wa 10 una nafasi ya takriban sehemu moja ya kumi ya milimita kila upande. Kwa uwiano wa 5 unabaki na robo yake. Jambo hili linasikika kama hesabu tupu hadi utakapoishika nobu ya plastiki ya darubini fupi ya bei ya chini, uizungushe kidogo kabisa, na kuona Zohali akipita kutoka ukungu hadi ukungu bila kusimama katikati. Darubini ndefu yenye nobu ileile inasamehe. Kwa hiyo katika darubini fupi usikubali mfumo wa kufokasi unaolegea. Ushike kwa mkono, usukume pembeni, na kama bomba la ndani linacheza, iache. Pia uso ambao picha imefokasi juu yake huwa umepinda, na kadiri fokasi ilivyo fupi ndivyo ulivyopinda zaidi, hivyo nyota za ukingoni huvimba wakati za katikati ni nukta.

Ukuzaji nao una hesabu yake: fokasi ya darubini gawanya kwa fokasi ya lenzi ya jicho. Lenzi ya milimita 10 hukupa mara 90 katika darubini ya 900 na mara 40 tu katika ile ya 400. Pete za Zohali huanza kutengana na sayari kwa mara 30 hivi, na miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona Januari 1610 kwa ukuzaji wa takriban mara 20 huonekana kwa chombo chochote kati ya hivi. Lakini kuona kivuli cha Zohali juu ya pete zake, au kuitenganisha Alpha Centauri iwe nyota mbili zilizo wazi, ni vizuri kuwa na mara 80 au zaidi. Kwa fokasi ya 400 hilo linamaanisha lenzi ya jicho ya milimita 5 au chini, na katika lenzi za kawaida za Plössl za ukubwa huo jicho linapaswa karibu kugusa kioo, kope zikikipaka mafuta. Anayevaa miwani haoni kitu. Utalazimika kununua lenzi ya jicho ya muundo bora, au kuongeza lenzi ya Barlow inayozidisha fokasi mara mbili. Weka gharama hiyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kuhusu fokasi za 250 hadi 360, nitasema machache. Hizo ni hasa za wapiga picha wenye kamera na stendi inayofuata nyota; kwa jicho ni nzuri, lakini sayari zinabaki ndogo, na fedha unayolipa imeingia katika ubora wa picha ukingoni, ambao jicho halihitaji kwa kiasi hicho. Anayetaka kupiga picha ya Mwezi kwa kamera bila lenzi ya jicho ajue kwamba picha yake hutua na upana wa takriban fokasi gawanya kwa 110, yaani milimita 3.6 kwa fokasi ya 400 na milimita 8 kwa ile ya 900. Na Jua lisitazamwe kwa darubini yoyote, ya fokasi yoyote, bila kichujio maalumu kilichofungwa imara mbele ya lenzi kubwa.

Kwa hiyo kwa mtu wa huku kwetu mwenye darubini moja, anayesafiri kwa basi au treni kwenda kwenye giza, chaguo langu ni fokasi kati ya 420 na 500 yenye glasi ya ED na kipenyo cha 70 hivi, juu ya stendi ya kawaida ya kupanda na kushuka, kulia na kushoto. Stendi ya ikweta, ile ambayo mhimili wake lazima uelekezwe kwenye ncha ya anga ili ifuate mwendo wa nyota, usijisumbue nayo kwa kutazama tu: kutoka Dar es Salaam Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo, na ncha ya kusini iko nyuzi 7 tu juu ya ardhi bila nyota angavu ya kuionyesha. Kama bajeti hairuhusu ED, na unakaa mjini ambako Mwezi na sayari ndivyo vitu pekee vinavyoonekana vizuri, kipenyo cha 60 au 70 chenye fokasi ya 700 kitakupa picha safi kuliko 80 fupi, na mimi ningeichukua hiyo bila kusita. Kama bajeti hairuhusu ED lakini unaishi kijijini penye giza, chukua fupi, ya 70 au 80 kwa 400, na uitumie kwa kile inachokiweza.

Darubini nyingi zinazouzwa mkono wa pili zimepoteza lebo zao, na muuzaji atakuambia namba yoyote. Namba hizo unaweza kuzipima mwenyewe. Usiku wa Mwezi mpevu ondoa kioo cha pembe na lenzi ya jicho, elekeza bomba kwenye Mwezi, na shika karatasi nyeupe nyuma yake, uisogeze hadi duara la Mwezi liwe kali. Pima upana wa duara hilo kwa rula na uzidishe kwa 110. Milimita 4 ni fokasi ya 440 hivi, milimita 8 ni karibu 900. Kisha rudisha lenzi ya jicho, ifokasishe darubini kwenye kitu cha mbali, ingia chumba cha giza, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi hiyo na upime duara la mwanga linalotokea upande wa mbele. Kama lenzi ya mbele ina upana wa milimita 70 na duara ni la 45, ndani ya bomba kuna pete iliyoficha sehemu ya kioo, na bei mnayojadiliana inapaswa kuwa ya darubini ya milimita 45.